Kutoka Kusaka Mashindano Hadi Kuyachagua: Miaka 75 ya Kalenda ya Wanagofu wa Kike

Jumapili ya tarehe 21 Aprili 2024, huko The Woodlands, Texas, Mmarekani Nelly Korda alitwaa taji la Chevron Championship. Ulikuwa ushindi wake wa tano katika mashindano matano mfululizo aliyoshiriki. Kabla yake ni wanawake wawili tu waliowahi kufika hapo katika gofu ya kulipwa ya Marekani: Nancy Lopez mwaka 1978 na Annika Sörenstam kati ya 2004 na 2005. Shindano lililofuata lilikuwa Los Angeles, na mashabiki walikuwa wakihesabu saa wamwone akisaka ushindi wa sita. Jumatatu Korda, aliyekuwa na umri wa miaka 25, akatangaza kwamba hatacheza. Mwili umechoka, anahitaji kupumzika.

Shindano la Los Angeles halikuvunjika. Wadhamini hawakuondoa fedha zao, watazamaji walikuja, na Hannah Green wa Australia akalitwaa. Korda alirejea uwanjani mwezi Mei, na kabla mwezi haujaisha alikuwa ameshinda tena.

Vyombo vingi vya habari viliandika kuhusu ushindi ule wa mara tano. Mimi naona Jumatatu ile ina uzito mkubwa zaidi wa kihistoria kuliko Jumapili iliyoitangulia. Kwa miongo kadhaa, nyota wa gofu ya wanawake hakuweza kusema "wiki hii sichezi" bila kuhatarisha mkate wa wenzake wote. Ukitaka kujua mchezo huu umekua kiasi gani, usiangalie hundi ya mshindi peke yake. Uliza ni nani anayeweza kupumzika, na akipumzika nini kinatokea.

Wanawake 13 na barabara ndefu

Jaribio la kwanza la kuwa na chama cha wanagofu wa kike wa kulipwa Marekani lilifanyika mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, likiongozwa na Hope Seignious, Betty Hicks na Ellen Griffin. Chama hicho ndicho kilichoanzisha shindano la US Women's Open mwaka 1946 huko Spokane, na Patty Berg akawa bingwa wa kwanza. Lakini fedha zilikuwa haba, na haikupita miaka mingi kikadhoofika.

Mwaka 1950, huko Wichita, Kansas, wanawake 13 walianza upya. Waliunda LPGA, chama ambacho hadi leo ndicho kinachoendesha msururu mkubwa zaidi wa gofu ya wanawake duniani. Berg alikuwa rais wa kwanza. Pamoja naye walikuwemo Louise Suggs, Betty Jameson, Marilynn Smith, Shirley Spork na Babe Zaharias, aliyekuwa ameshinda medali mbili za dhahabu za riadha katika Olimpiki ya 1932. Walikuwemo pia ndugu wawili, Alice na Marlene Bauer. Marlene alikuwa na miaka 16 tu.

Kalenda yao ya kwanza ilikuwa na mashindano 14, na zawadi zote kwa pamoja zilifika takriban dola 50,000. Kwa hiyo tatizo la waasisi hawa halikuwa wingi wa wiki za kucheza. Tatizo lilikuwa kuzipata. Walisafiri kwa magari yao wenyewe, wakifuatana kutoka jimbo hadi jimbo, vifaa na nguo vikiwa vimejaa nyuma. Mmoja wao, Peggy Kirk Bell, ambaye hakuwa miongoni mwa wale 13 lakini alicheza nao tangu siku za mwanzo, alijifunza urubani akawa anarusha ndege yake ndogo kwenda mashindanoni.

Wakishafika, kucheza kulikuwa sehemu tu ya kazi. Wao wenyewe ndio waliopima uwanja na kuamua shimo likae wapi. Wao ndio walioandika taarifa kwa magazeti, wakajumlisha matokeo, wakaamua migogoro ya sheria na kuandika hundi za zawadi. Marilynn Smith alikuwa akienda kwenye mapambano ya ndondi na viwanja vya besiboli kuwaalika watu waje kuwatazama. Mwanagofu wa leo anayelalamikia kazi nyingi za wiki moja angeshangaa kuona kwamba bibi zake walizifanya hizo zote, kisha wakacheza mashimo yao. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu: kufikia mwaka 1959 mashindano yalikuwa yamefika 26 na zawadi zimepita dola 200,000.

Lakini msingi huo ulisimama juu ya mabega machache. Watu walilipa kiingilio kumwona Babe Zaharias, na wadhamini walilijua hilo. Mwaka 1953 aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana, akafanyiwa upasuaji. Mwaka 1954 alirudi na kushinda US Women's Open kwa tofauti ya mikwaju 12. Alifariki Septemba 1956, akiwa na miaka 45. Ushujaa wake unastahili kila sifa iliyowahi kuandikwa. Hata hivyo tunapousimulia tukumbuke kwamba chama chake kilikuwa bado kichanga mno kuweza kusimama imara bila yeye.

Mzigo wa Mickey Wright

Aliyerithi mzigo huo alikuwa Mickey Wright wa California, ambaye wengi waliomwona akicheza walisema hawajaona mtu, mwanamume au mwanamke, aliyepiga mpira kwa ufundi kama wake. Kati ya 1961 na 1964 alishinda mara 10, 10, 13 na 11. Alimaliza akiwa na mataji 82, yakiwemo 13 makuu, yaani ya mashindano yenye hadhi ya juu kabisa.

Nyuma ya namba hizo kulikuwa na shinikizo ambalo jedwali la matokeo halilionyeshi. Wadhamini walikuwa wakitishia kufuta shindano iwapo Wright hangekuwepo. Juu ya hilo, aliwahi kuwa rais wa chama. Kwa hiyo kila alipotaka kubaki nyumbani, alikuwa anaamua pia hatima ya wenzake: je, wale wanaoshika nafasi ya 20 na 30 watapata chochote wiki hiyo? Akawa anacheza wiki baada ya wiki, mguu ukimuuma, kifundo cha mkono kikimsumbua, na huku akiogopa kupanda ndege.

Mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka 34, aliacha kucheza misimu kamili. Baada ya hapo alichagua mashindano machache tu, na mwaka 1973 alishinda tena, safari hii akiwa amevaa viatu vya raba kwa sababu ya maumivu ya miguu. Hatuwezi kujua angeshinda mara ngapi kama angepewa nafasi ya kupumua. Tunachoweza kusema ni kwamba mchezo uliokuwa unamhitaji kila wiki ulimchosha mapema, ukampoteza.

Wakati huohuo walikuwepo waliotamani wiki za kucheza na kufungiwa mlango. Althea Gibson, bingwa wa tenisi wa Wimbledon mwaka 1957 na 1958, aliingia LPGA mwaka 1964, mwanamke Mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Renee Powell alimfuata mwaka 1967. Baadhi ya klabu hazikumruhusu Gibson kuingia katika jengo la wachezaji, akawa anabadilisha viatu ndani ya gari. Kwingine hakupokelewa kabisa, hasa katika majimbo ya Kusini. Kalenda yake ikawa fupi kuliko ya wenzake kwa sababu ya rangi ya ngozi, na kalenda fupi maana yake ni fedha kidogo na nafasi chache za kujifunza viwanja. Tunapozungumzia ratiba, tusiwasahau walionyimwa hata hiyo ratiba.

Fedha, televisheni na mtoto mgongoni

Mageuzi makubwa yalianza mwaka 1972, kampuni ya Colgate ilipoanzisha shindano la Dinah Shore huko Mission Hills, California, kwa zawadi ya dola 110,000. Kiasi hicho hakikuwahi kuonekana katika gofu ya wanawake. Mshindi wa kwanza alikuwa Jane Blalock. Mwaka 1975 chama kiliajiri kamishna wake wa kwanza, Ray Volpe. Mwaka uliofuata Judy Rankin akawa wa kwanza kupata zaidi ya dola 100,000 katika msimu mmoja, huku akiwa mama anayelea.

Kisha akaja Nancy Lopez. Mwaka 1978, msimu wake wa kwanza kamili, alishinda mara tisa, mara tano kati ya hizo zikiwa mfululizo. Alijifungua binti yake wa kwanza mwaka 1983, na mwaka 1985 akashinda mara tano na kutajwa mchezaji bora wa mwaka. Nchi nzima ilimwona mwanamke anayeshinda Jumapili na kumbeba mtoto uwanja wa ndege Jumatatu. Walimsifu, na alistahili. Lakini sifa hazimlei mtoto. Kila mama katika msururu ule alikuwa akijitafutia yaya, au kumsafirisha bibi wa mtoto, au kukubali kukosa mashindano.

Jibu lilikuja mwaka 1993, chama kilipoanzisha kituo cha kulelea watoto kinachosafiri pamoja na wachezaji, kwa udhamini wa kampuni ya Smucker. Walezi walewale na vifaa vilevile vilihama kutoka mji hadi mji, ili mtoto aamke Alhamisi katika mji mgeni akute nyuso anazozijua. Juli Inkster alilea mabinti wawili akiwa safarini, akakamilisha mataji makuu yote ya enzi yake mwaka 1999 na kushinda US Women's Open mwaka 2002 akiwa na miaka 42. Mwaka 2009 Catriona Matthew wa Scotland alishinda Women's British Open wiki 11 tu baada ya kujifungua mtoto wake wa pili.

Uzazi uliendelea kuwa mtihani wa ratiba hata hivyo, kwa sababu mikataba mingi ya udhamini humtaka mchezaji acheze idadi fulani ya mashindano kwa mwaka. Mwaka 2018 Stacy Lewis alipokuwa mjamzito, mdhamini wake KPMG alitangaza kwamba atamlipa mkataba wote hata asipofikisha idadi hiyo. Mwaka 2019 LPGA ikarekebisha kanuni zake ili mama asipoteze nafasi yake kwa kwenda kujifungua. Mwaka 2020 Lewis alishinda tena, huko Scotland. Kutoka mwaka 1950 hadi 2019 ni miaka 69. Ndio muda uliohitajika ili uzazi uandikwe ipasavyo katika kanuni.

Dunia nzima kwa msimu mmoja

Mwaka 1998 msichana wa Korea Kusini mwenye miaka 20, Se Ri Pak, alishinda mataji mawili makuu katika msimu wake wa kwanza. Nyumbani kwao wasichana wengi wakachukua fimbo. Wadhamini wa Asia wakafuata, na kalenda ikavuka bahari ya Pasifiki. Upanuzi huo ndio uliokiokoa chama uchumi ulipoyumba. Mwaka 2008 kulikuwa na mashindano 34. Kufikia 2011 yalibaki 23. Mwaka huohuo kamishna Mike Whan alianzisha Founders Cup huko Phoenix kuwaenzi wale 13, na akawaomba wachezaji wacheze bila kuchukua zawadi, fedha ziende kwa wasichana wanaojifunza gofu na kwa hisani. Wengine walinung'unika, wengi wakaja. Polepole wiki zilirudi, na kufikia 2024 zawadi za msimu zilipita dola milioni 115. Bingwa wa shindano la kufunga msimu huo, Jeeno Thitikul wa Thailand, alichukua dola milioni 4 kwa wiki moja.

Lakini itazame kalenda hiyo jinsi inavyokwenda. Januari ni Florida. Mwisho wa Februari ni Thailand, kisha Singapore na China. Machi na Aprili wachezaji wanarudi magharibi mwa Marekani. Juni kuna mataji makuu mawili, Julai ni Evian nchini Ufaransa, halafu Scotland na Uingereza. Oktoba ni Asia tena: China, Korea Kusini, Malaysia, Japani. Novemba ni Florida kumalizia. Mwaka 2024 Olimpiki ya Paris iliingia katikati ya hayo yote. Lydia Ko wa New Zealand alishinda dhahabu pale, na wiki mbili baadaye akatwaa Women's Open huko St Andrews.

Upanuzi huo una gharama yake. Lorena Ochoa wa Mexico alistaafu mwaka 2010 akiwa namba moja duniani, na umri wa miaka 28. Lexi Thompson alitangaza mwaka 2024, akiwa na miaka 29, kwamba hatacheza tena msimu mzima, akazungumza waziwazi kuhusu mzigo wa akili na upweke wa maisha haya.

Hadi Vipingo

Ulaya nayo ina msururu wake, Ladies European Tour, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970. Muongo uliopita ulipungua hadi wachezaji wengi wakawa na kazi za pembeni, mpaka ulipoingia ubia na LPGA kuanzia mwaka 2020. Katika kipindi hicho cha kujijenga upya ndipo kalenda ilipofika pwani yetu. Desemba 2019 shindano la Magical Kenya Ladies Open lilichezwa kwa mara ya kwanza Vipingo Ridge, kaunti ya Kilifi, likiwa la mwisho la msimu. Mjerumani Esther Henseleit, mgeni katika msururu, alipata pale taji lake la kwanza, na ushindi huo ukampa pia nafasi ya kwanza ya orodha ya msimu mzima. Miaka mitano baadaye alikuwa na medali ya fedha ya Olimpiki.

Korona ililikatiza shindano hilo, lakini lilirudi mwaka 2022. Aditi Ashok wa India alishinda mwaka 2023 na Shannon Tan wa Singapore mwaka 2024. Wasichana wa Kenya walipata nafasi ya kucheza katika shindano moja na mabingwa hao. Kwa nchi ambayo mwanamke wake wa kwanza kuwa mwanagofu wa kulipwa, Rose Naliaka, ilimbidi ajifungulie njia mwenyewe na kisha kuwafundisha watoto wa wengine, wiki moja kama hiyo ina thamani kubwa.

Wiki inavyopangwa

Wachezaji wengi wa leo huanza kupanga mwaka kwa kuweka mataji makuu matano kwanza, kisha huhesabu kurudi nyuma. Wengi hupendelea kucheza wiki mbili au tatu mfululizo halafu kupumzika moja. Korda mwenyewe, katika ule mfululizo wa ushindi wa mara tano, alishinda Januari kisha akakaa wiki saba bila kushindana, akiiacha safari nzima ya Asia. Aliporudi mwezi Machi alishinda wiki tatu mfululizo. Mapumziko yale yalikuwa sehemu ya kazi yake.

Wiki yenyewe ya shindano haina siku tupu. Jumatatu ni safari. Jumanne mchezaji na kedi, yaani mbeba fimbo wake, wanausoma uwanja. Jumatano anacheza na wageni wa wadhamini, siku ambayo kwa wengi huchosha kuliko mazoezi. Alhamisi na Ijumaa ni raundi mbili za kwanza, kisha unafanyika mchujo. Anayevuka hucheza hadi Jumapili. Asiyevuka, katika mashindano mengi, anaondoka bila senti, ingawa ameshalipa ndege, hoteli na ujira wa kedi.

Chama nacho kinajua kwamba uhuru wa nyota usipowekewa mpaka, mashindano madogo yatakufa. Ndiyo maana kuna kanuni inayowataka walio juu ya orodha wacheze kila shindano la ndani ya Marekani, walau mara moja katika miaka minne. Hapo naona busara. Mzigo ambao zamani ulimwangukia Mickey Wright peke yake, kila wiki, sasa umegawanywa kwa wengi na kwa miaka.

Kipimo kilichobaki

Hata hivyo uhuru huu haujamfikia kila mtu. Mchezaji aliye katika mstari wa kubakiza kadi yake, yaani haki ya kucheza, ya msimu ujao hawezi kuacha wiki. Pointi za Malaysia zinaweza kuwa ndizo zitakazomnusuru, kwa hiyo ataruka kwenda Malaysia hata kama ana homa. Baadhi ya mashindano makuu yameanza kuwapa posho wanaoshindwa kuvuka mchujo, na hatua hiyo inafaa ienee katika msururu wote, Ulaya na Afrika zikiwemo, maana huko zawadi ni ndogo na safari ni ndefu vilevile.

Wa mwisho kati ya wale waasisi 13, Marlene Bauer Hagge, alifariki mwaka 2023. Kizazi chake kilihangaika ili kuwe na wiki za kutosha za kucheza, na kilifanikiwa kuliko kilivyotarajia. Kazi ya viongozi na wadhamini wa sasa ni nyingine: kuhakikisha kwamba mchezaji aliye nafasi ya 90 anaweza kuumwa, kujifungua, kumzika mzazi au kulala tu nyumbani wiki moja, na akirudi akute riziki yake bado ipo. Siku hilo litakapowezekana, tutasema kwa haki kwamba gofu ya wanawake ni ajira kamili, kwa nyota na kwa wasiojulikana.